Mkate wa Wishwa na Sindano ya Shaba: Siri na Faragha katika Utendi wa Fumo Liyongo

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani ya kaskazini, umehakikiwa mara nyingi, na aghalabu kwa mtazamo mmoja. Wahakiki wamemwangalia Liyongo kama shujaa wa jadi: kimo chake, nguvu zake, panda yake iliyoushtua mji wa Pate, mkoba wake uliowastaajabisha Wagala. Wengine wameshughulika na swali la iwapo mtu huyu aliishi kweli, na kama aliishi, ni katika karne ipi. M. M. Mulokozi, ambaye mchango wake katika taaluma ya tendi za Kiswahili haupingiki, ameuweka utendi huu mahali pake miongoni mwa tendi za kishujaa za Afrika. Yote haya yamefanywa na yamefanywa vyema. Lakini ushujaa wa mwili si kiini cha kisa. Katika sehemu zote mbili zinazoamua hatima ya Liyongo, yaani kutoroka kwake gerezani na kuuawa kwake, nguvu haziamui lolote. Kinachoamua ni nani anajua nini, na amekijuaje. Utendi huu ni utungo juu ya siri, na katika zama hizi ambapo habari za mtu hukusanywa na mitambo usiku na mchana, upande huu wake wastahili kusomwa upya.

Sehemu ya kwanza yajulikana na kila mwanafunzi. Mfalme wa Pate, akihofia kiti chake, anamtia Liyongo gerezani chini ya ulinzi mkali. Kila siku mamake humpelekea chakula kwa mkono wa Saada, mtumwa wao, na kila siku walinzi hukila kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Ndipo Liyongo anapomtuma Saada kwa maneno ya kishairi akamwambie mama atengeneze mkate wa wishwa, na ndani ya mkate atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku wa ngoma ya gungu, mfungwa anakata minyororo huku kelele za ngoma na nyimbo alizozitunga mwenyewe zikifunika mlio wa chuma.

Wahakiki husifu hapa werevu wa shujaa, kisha huendelea na safari. Inafaa kutua kidogo. Walinzi hawa si wazembe. Wanakagua kila kinachoingia, tena kwa hamu. Udhaifu wao ni kwamba wanakagua kwa tamaa: wanatafuta kitamu, na kisicho kitamu hakiwahusu. Liyongo amekaa gerezani akiwapeleleza wapelelezi wake, akajua macho yao yanapenda nini, akaificha siri mahali ambapo jicho la namna ile haliwezi kutua. Na ujumbe wenyewe haukupita kwa kunong'onezwa. Ulipita ndani ya ushairi, yaani ndani ya usemi ambao kila mtu angeweza kuusikia lakini si kila mtu aliyekuwa na ufunguo wake. Siri iliyokaa hadharani, ikalindwa na maana: hiyo ndiyo mbinu ya Liyongo, na ndiyo mbinu ambayo fasihi ya Kiswahili imeirithi na kuitukuza kuliko nyingine zote. Hiyo ndiyo asili ya heshima ya fumbo.

Mfano ulio karibu zaidi ni diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973). Mashairi yake yaliandikwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mshairi akitumikia adhabu kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Jambo ambalo limewachekesha wengi, na si bila haki. Katika shairi la "Mamba", mnyama wa mtoni anasemwa na mwingine anakusudiwa. Karatasi ya chooni ni mkate wa wishwa wa pili: kitu duni ambacho mlinzi hakitazami mara mbili. Na fumbo ni tupa iliyomo ndani.

Mapokeo haya yote yamejengwa juu ya sharti moja ambalo wahakiki hawakulitaja, pengine kwa kuwa hapakuwa na haja. Sharti lenyewe ni kwamba anayepeleleza ni msomaji. Ana masikio, ana akili, ana tamaa, anachoka. Anataka kujua maana, na asipoijua ameshindwa. Fumbo ni silaha dhidi ya msomaji. Dhidi ya asiyesoma halina makali.

Mwezi Mei 2014, miongoni mwa nyaraka zilizotokana na ufichuzi wa Edward Snowden wa mwaka uliotangulia, zilichapishwa habari za mradi wa Marekani ulioitwa MYSTIC, ambao ulikuwa ukikusanya kumbukumbu za simu za nchi nzima nzima, Kenya ikiwa mojawapo. Ieleweke ni nini kilichokusanywa. Kwa upande wa Kenya yaliyotajwa si maneno ya wazungumzaji, bali kumbukumbu za mazungumzo: namba ipi iliita namba ipi, saa ngapi, kwa muda gani. Mwenye kukusanya hayo hahitaji kujua Kiswahili, sembuse kufumbua fumbo. Lau gereza la Pate lingalilindwa kwa namna hiyo, pasingekuwa na mlinzi wa kuudharau mkate. Ingeandikwa tu kwamba Saada alikuja kila siku saa fulani, kwamba siku moja alikaa kwa mfungwa kuliko desturi, kwamba kesho yake mkate ulikuwa mzito kuliko mikate iliyotangulia. Ushairi wa Liyongo ungebaki salama, haukufumbuliwa hata neno moja, na Liyongo angebaki minyororoni.

Hapa ndipo uhakiki wa fumbo unapohitaji kujisahihisha. Ni desturi ya makala nyingi kuhusu fasihi na udhibiti kumalizia kwa kusema kwamba msanii stadi daima atapata njia ya kusema. Kweli atasema. Lakini mtambo unaweza kumwachia aseme apendavyo na bado ukajua alipolala.

Basi je, utendi huu hauna la kuambia zama hizi? Unalo, ila haliko kwenye mkate. Liko kwenye kitovu.

Mfalme ameshindwa kwa njia za kawaida. Alijaribu hila ya mkoma, ambapo kila mtu alikuwa apande kwa zamu aangushe makoma ili Liyongo afumwe mishale akiwa juu. Liyongo akayaangusha makoma kwa mshale pasipo kupanda. Alijaribu gereza. Sasa anageukia njia nyingine kabisa. Hatafuti tena kuuona mwili wa Liyongo. Anatafuta habari ya mwili huo, ile moja ambayo ndani yake mna mauti. Liyongo hauawi kwa chochote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na ili kuipata habari hiyo mfalme hatumii jasusi, anamtumia mtoto. Kijana anaahidiwa uwaziri na binti wa mfalme. Anakwenda kwa babake, anamwuliza.

Wahakiki wengi huliita tukio hili usaliti, na kwa hilo hawakukosea. Hata hivyo neno usaliti hulifanya jambo kuwa la kijana peke yake, likamwacha nje aliyelipa. Tena humwacha nje babake, ambaye hali yake ndiyo ngumu kuliko zote. Katika utendi wa Kijumwa, Liyongo anamwonyesha mwanawe kwamba anashuku ametumwa. Kisha anamwambia. Kwa nini? Kijumwa hafafanui, na huo ni ustadi wake. Yumkini baba hawezi kumnyima mwana jibu bila kuuvunja ubaba wenyewe. Siri ile haikutolewa kwa sababu Liyongo hakujua hatari, wala kwa kulazimishwa. Ilitolewa kwa kuwa aliyeiomba alikuja kupitia mlango ambao mtu hawezi kuufunga akabaki na ukoo. Mfalme alilijua hilo. Hakuvunja mlango, aliununua.

Tafakari hii si ya mbali na yaliyotokea Kenya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2019 wananchi walipanga foleni kutoa alama za vidole vyao kwa ajili ya Huduma Namba. Sheria iliyorekebishwa mwaka uliotangulia iliruhusu hata vinasaba vyao na mahali hasa wanapoishi vichukuliwe, mpaka Mahakama Kuu ilipoyakataa hayo mawili tarehe 30 Januari 2020. Waliojiandikisha hawakushikiwa rungu. Mahakama ilikwisha kuagiza kwamba uandikishaji usiwe wa lazima. Lakini wengi waliamini kwamba asiye na namba angekosa huduma za serikali, na anayeomba ni serikali, ambayo mwananchi hawezi kuikana kama vile Liyongo asivyoweza kumkana mwanawe. Mwaka 2023 ikaja kampuni ya kigeni kwa jina la Worldcoin, ikapiga picha mboni za macho ya Wakenya kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, na foleni zikawa ndefu hata serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha hizo zifutwe. Mojawapo ya hoja za walalamishi ilikuwa kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu si ridhaa. Hoja hiyo ingeeleweka upesi kwa msikilizaji yeyote wa Utendi wa Liyongo, ingawa katika utendi anayelipwa ni mwana na anayepoteza ni baba, ilhali hapa anayelipwa na anayepoteza ni mtu yule yule. Tofauti hii si ndogo. Inaonyesha jinsi biashara ya habari ilivyomfanya kila mtu awe mwana wa Liyongo dhidi ya nafsi yake.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unaupachikia utungo wa kale dhana ambayo haukuwa nayo. Pingamizi hili lina uzito. Utendi haudai haki ya faragha kwa kila mtu; Liyongo ni mtu wa ukoo wa kitawala, na siri yake ina thamani kwa sababu ya ukoo huo. Saada, aliyeubeba ujumbe wote kichwani mwake na mkate mikononi, hana siri yake mwenyewe hata moja katika utungo mzima. Ni mtumwa, yeye ni njia tu. Uhakiki ambao ungeusifu utendi huu kama hati ya haki za binadamu ungekuwa unadanganya. Isitoshe, mapokeo hayo hayo ya pwani yaliyothamini siri yalikuwa makali katika kuchungana, hasa kuchungwa kwa wanawake. Atakayesoma Utendi wa Mwana Kupona ataona faragha na uangalizi vikikaa nyumba moja.

Lakini kinachotafutwa katika utungo wa kale si dhana iliyokamilika. Kinachotafutwa ni lugha ya kuwazia, na hapo Kiswahili cha leo kina upungufu wa ajabu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 huitwa kwa Kiswahili sheria ya ulinzi wa data. Ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Neno lililochaguliwa kotekote ni ulinzi. Ni neno zuri, ila ni lile lile la gereza la Pate: walinzi wa Liyongo nao walikuwa wakilinda. Kiswahili hakibagui kati ya kumlinda mtu asidhuriwe na kumlinda asitoroke, na anayeambiwa kwamba habari zake zinalindwa ana haki ya kuuliza zinalindwa kwa ajili ya nani. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, imetumia neno hifadhi, ambalo lina upole zaidi. Faragha lenyewe, neno la asili ya Kiarabu, katika matumizi ya kawaida ni mahali au hali: watu huenda faragha, huzungumza faraghani. Mara nyingi huwa wawili. Yaani katika Kiswahili cha kila siku faragha si mali ya mtu aliye peke yake. Ni nafasi kati ya watu wanaoaminiana. Kwa maana hiyo liko karibu na amana kuliko miliki, na habari ya kitovu cha Liyongo, mara ilipotamkwa, ilikuwa amana mikononi mwa mwanawe. Watunga sheria wangalifanya vema kulitazama neno hilo, maana asiyekuwa mwenye mali anaweza kuambiwa ameiuza, bali aliyepokea amana hawezi kujitetea kwa kusema alipewa.

Imebaki sehemu ya mwisho, ambayo kwa kawaida husomwa kama taji la ushujaa. Akiisha kuchomwa, Liyongo anashika upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale, na katika hali hiyo anakata roho. Mji mzima unamwona. Siku zinapita, maji yanaadimika, hakuna anayethubutu kusogea. Wanamtazama kwa mbali wasijue kwamba wanamtazama maiti. Mamake anaombwa aende kumbembeleza. Anakwenda, anamwimbia, na hajibiwi. Miongoni mwa wote wanaokitazama kisima, yeye peke yake anasema na mwanawe badala ya kumchungulia, naye hapewi ishara yoyote hadi mwili unapoanguka wenyewe.