Audi R10: Dizeli Iliyofunguliwa Mlango na Kanuni

Dizeli tunaijua huku kwetu kama injini ya lori, ya basi la masafa na ya Land Cruiser ya kazi. Inavuta mzigo na haisumbui ovyo, ila hakuna anayeitafuta kwa ajili ya mbio. Ndiyo maana Audi ilipoonyesha R10 TDI jijini Paris, Desemba 2005, watu waliuliza dizeli itaupata wapi mwendo. Wahandisi walikuwa na swali jingine kabisa: mwendo ukishapatikana, gari litaubeba vipi kwa saa 24?

Maana nguvu, kusema kweli, kanuni zilishaitoa. ACO, waandaaji wa mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, walitaka dizeli iingie, na wakaifungulia mlango mpana. Injini ya petroli yenye turbo haikuruhusiwa kuzidi ujazo wa lita 4.0, ya dizeli yenye turbo ikapewa lita 5.5 na ruhusa ya kusukuma hewa kwa shinikizo kubwa zaidi. Audi ilitumia ruhusa yote: silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, turbo mbili, zaidi ya nguvu farasi 650, na torki ya newtonimita 1,100 na ushei. Atakayesema R10 ilithibitisha kwamba dizeli ni bora kuliko petroli aisome kwanza kanuni hiyo.

Lakini upendeleo wa kanuni peke yake haufikishi gari mwisho wa mbio. Kule Indianapolis mwaka 1952, gari la dizeli la Cummins lilianza mbio likiwa la kwanza kwenye mstari, kisha turbo yake ikaziba kwa uchafu wa barabarani na safari ikaishia hapo.

Dizeli haina plagi ya kuwasha. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na mgandamizo wake unazipiga pistoni, krenki na bloki kwa kishindo. Dawa ya kawaida ni chuma kizito. Ulrich Baretzky, mkuu wa injini za mbio wa Audi, alichagua bloki ya aluminiamu badala yake. Hata hivyo injini ilivuka kilo 200, ikawa nzito na ndefu kuliko ile V8 ya petroli ya gari lililotangulia, R8. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ukabidi uongezwe. Gari jepesi hubakiwa na nafasi ya kuwekewa uzito wa ziada pale mhandisi anapotaka, mpaka lifike kiwango cha chini cha kilo 925. Hapa kilo nyingi zilikuwa zimeshakaa nyuma ya dereva, na hazikuhamishika.

Torki nayo ilikuwa na madai yake. Klachi na giaboksi zilitengenezwa upya ili zisisagike, na gia zikawa tano tu, kwa kuwa injini iliyokuwa ikifanya kazi chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika haikuhitaji zaidi. Ekzosi ilikuwa na vichujio vya masizi. Gari likawa kimya kiasi kwamba katika mwendo mkali dereva alisikia upepo kuliko injini, akabadilisha gia kwa kuangalia taa badala ya kutega sikio.

Mbio za kwanza zilikuwa Sebring, Marekani, Machi 2006, saa 12. Gari la madereva Kristensen, McNish na Capello lilishinda. R10 nyingine ilikufa kwa joto la injini. Miezi mitatu baadaye, Le Mans, Biela, Pirro na Werner walimaliza raundi 380, nne zaidi ya Pescarolo ya petroli iliyokuwa na Sébastien Loeb, yule yule wa rali ambaye wapenzi wa Safari Rally wanamjua. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa dizeli Le Mans. Mwaka 2007 watatu hao walirudia, ingawa R10 nyingine mbili ziliishia njiani: moja ilipata ajali mapema, nyingine ikachomoka gurudumu ikiwa inaongoza.

Mwaka huo huo wa 2007 udhaifu ulianikwa hadharani. Kwenye mashindano ya ALMS ya Marekani, yenye viwanja vingi vifupi vya kona kali, Porsche RS Spyder ya daraja la chini, nyepesi kwa zaidi ya kilo 100, ilishinda mbio 8 kati ya 12 mbele ya magari yote. Kwenye kona za namna ile, torki haisaidii kitu kama pua ya gari haitaki kugeuka.

Kisha ikaja Le Mans ya 2008. Peugeot 908 nayo ilikuwa dizeli ya lita 5.5 na silinda 12, tena yenye paa, hivyo ule upendeleo wa kanuni ulikuwa wa wote wawili. Katika kusaka nafasi ya kuanzia, Stéphane Sarrazin alizunguka kwa dakika 3 na sekunde 18.5, R10 iliachwa kwa takriban sekunde tano. Kwa uwanja wa zaidi ya kilomita 13 bado hilo ni pengo la aibu. Lakini Peugeot zilisumbuliwa na joto, rejeta zikizibwa na uchafu, na mvua iliposhuka usiku Audi ndiyo iliyotulia barabarani. Kristensen, Capello na McNish walimaliza raundi 381, na Peugeot iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa kwenye raundi hiyo hiyo.

Ushindi wa 2006 una jina kubwa zaidi. Mimi nauweka wa 2008 juu yake, kwa sababu mwaka ule R10 ilikuwa ya polepole kuliko Peugeot, na kanuni haikuipa upendeleo wowote juu yake.