Muchele Mwekundu wa Kakanda

Kupika chakula kizito hakuhitaji ufundi. Mimina mafuta mpaka yaelee, vunja vidonge vya Maggi, fungua kopo la nyanya, chochea moto, na mgeni atasifu kabla hajatafuna. Chakula chepesi hakimfichi mpishi. Kitunguu kikiungua utakijua, wali ukichokozwa utaujua, na haraka ya aliyepika utaionja kwenye tonge la kwanza. Ndiyo maana nikitaka kumsifu mpishi wa Katanga simtafuti kwenye karamu za Lubumbashi, ambako sahani hung'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Ninakwenda Kakanda, upande wa Likasi, kwenye nyumba za matofali za wafanyakazi wa migodi, kwa mama mmoja mtu mzima aliyenikataza kutaja jina lake. "Weye utaniletea bageni," alisema, na sufuria yake ni ndogo.

Chakula chenyewe anakiita muchele mwekundu, basi. Mtu wa New Orleans akiketishwa mbele ya sufuria ile atasema ni jambalaya, atapekua akitafuta soseji za moshi na kamba, atavikosa. Msenegali atasema ni ceebu jën, wali wa samaki wa kwao, uliokonda. Wote wawili watakuwa wamekaribia. Manahodha wa Kifaransa waliowafikishia walowezi wa Louisiana watumwa wa pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1719 walikuwa wameagizwa wanunue watu wanaojua kulima mpunga, na mapipa ya mbegu juu yake. Watu hao walivuka bahari na mengi kuliko nguvu za mikono. Walivuka na namna ya kuivisha mchele ndani ya mchuzi wake, kuufunika na kuuacha. Watu wa Kongo nao walifikishwa huko. Uwanja wa New Orleans ambao watumwa walikusanyika Jumapili kucheza ngoma na kuuza vitu vyao unaitwa Congo Square mpaka leo. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika ceebu jën katika orodha ya urithi wa binadamu. Muchele mwekundu wa kambi zetu haujaandikwa popote, na sidhani kama mama wa Kakanda ana habari na hilo.

Kwetu mpunga ulikuja kwa njia nyingine. Waungwana waliofuata pembe na watumwa kutoka pwani kupitia Ujiji waliulima Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na Maniema ikabaki nchi ya mpunga. Kisha ikaja shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichota watu kila upande: Lomami, Kasai, Maniema, Rwanda na Urundi, hata ng'ambo ya mpaka huko Rhodesia ya Kaskazini. Katika miaka ya 1920 kampuni ikaona afadhali mfanyakazi akae na mke wake kambini kuliko kutafuta mwingine kila mara, na hapo ndipo jiko letu lilipozaliwa. Wanawake wa Kasai, wa Kasongo na wa Kibemba waliweka mbabula zao, majiko ya makaa, kwenye uwanja mmoja, wakachunguliana sufuria. Kipimo cha posho kilitoka kwa kampuni. Maarifa ya kukigeuza kuwa chakula yalitoka kwao. Louisiana wana jina la watu na vyakula vilivyochanganyika namna hiyo, wanasema Krioli. Sisi hatukujipa jina, tulikula tu.

Nkambo wa mama wa Kakanda, yaani bibi yake, alitoka Kasongo na alijua kupalia makaa juu ya mfuniko. Mama yake mzazi alijifunza mawese kwa jirani wa Kasai. Samaki wa moshi ni wa huku huku, wa Upemba na wa Lufira. Seleri ilizoeleka kutoka bustani za Wabelgiji, nayo ni mojawapo ya vitatu ambavyo mpishi wa Louisiana huviita Utatu Mtakatifu: kitunguu, seleri, pilipili hoho. Vyote vitatu vimo katika sufuria ya Kakanda, na hakuna aliyewahi kumfundisha mpishi wake kwamba ni vitatu.

Wepesi wa muchele wake una asili isiyopendeza. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata miji iliporwa, Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière, ikakonda, mshahara ukawa hadithi ya miezi iliyopita. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wakapewa fedha ya kuagana na kampuni iliyokuwa imewalea tangu kuzaliwa, ikiwasomesha, ikiwatibu na kuwapimia unga. Hiari hiyo wenyewe wanaisimulia kwa kicheko kifupi. Miaka ile mafuta yalinunuliwa kwa kichupa, na kichupa kilipimwa kwa kijiko. Ndipo alipojifunza kulisha nyumba nzima kwa kijiko kimoja cha mawese. Baadaye fedha ikarudi kidogo, mafuta yakarudi, sufuria ikanona. Kisha mume akapimwa tensio, dokta akakataza chumvi na mafuta, na mama akarudi kwenye kijiko kile kile. Watu wengi wakikatazwa mafuta hupika chakula kile kile wakaondoa ladha. Yeye alikuwa ameshalipa ada ya somo hilo zamani.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama asubuhi moja ya masika, umeme ukiwa umekatika kama kawaida ya nchi hii yenye mabwawa.

Mchele ulikwisha kuoshwa mpaka maji yakaacha kuwa meupe, ukatandazwa kwenye lungo. Alipouona umekauka aliuweka kwenye sufuria tupu juu ya mbabula. Hapa wengi humimina mafuta ili punje zisishikane. Yeye alitumia mkono na sikio. Mkono ulikuwa ukizungusha mwiko polepole toka pembeni kuja kati. Sikio lilikuwa likisubiri. Punje zikiwa na unyevu hazisemi kitu. Zikikauka huanza kugonga bati, kwanza moja moja, kisha zote, mlio mkavu na mwepesi. Mlio ulipotimia aliepua, rangi ikiwa ile ile nyeupe na harufu ikiwa imekwisha kuwa nyingine. Kabla ya hapo jirani aliyekuwa akipita alisimama kusalimia. Mama aliitikia kwa nyusi, maana mdomo ungemharibia kusikia.

Kisha vitunguu. Aliviweka na kijiko chake cha mawese, akafukia makaa kwa majivu, akakaa. Vilipoanza kushika chini alichovya vidole kwenye bakuli la maji akanyunyiza, vikaachia, vikaendelea kulainika. Akanyunyiza tena. Vikageuka rangi ya asali bila kuungua hata ncha. Ilichukua karibu nusu saa. Nusu saa kwa vitunguu tu, nami ninawajua vijana ambao kwa muda huo wamekwisha kupika, kula na kulalamika. Kama kuna siri katika wepesi wa muchele ule, ni hii: maji yanaweza kufanya kazi ya mafuta, ila mafuta hukuruhusu kwenda zako na maji hayakuruhusu.

Nyanya mbichi zilifuata, zikakaushwa mpaka zikaacha kuruka. Seleri, hoho, kitunguu saumu. Mifupa na vichwa vya samaki wa moshi vilikuwa vimechemshwa pembeni, supu yake ikachujwa kwa kitambaa, ikamiminwa. Chumvi hakuongeza. Moshi wa samaki, alisema, unaudanganya ulimi, na ulimi wa mume wake umekubali kudanganywa. Nyama ya samaki yenyewe ilisubiri kwenye sahani ili iingie mwisho isije ikavurugika. Mchele ukaingia, supu ikiuzidi kwa kiasi cha kiungo cha kidole.

Na pilipili. Ningeweza kuandika juu ya pilipili ile peke yake. Ilikuwa moja, mbivu, nono, na kikonyo chake. Aliigeuza geuza kwenye mwanga akitafuta tundu la mdudu au ufa, maana yenye ufa haifai. Supu ilipokuwa imekaribia kunywewa aliilaza katikati juu ya mchele, kikonyo kikitazama juu, akafunika. Pilipili nzima hutoa harufu yake yote na ukali wake kidogo tu. Ikipasuka, chakula kimekwisha, watoto watalia na mzee atakohoa. Kwa hiyo mwiko haurudi tena ndani. Aliteka makaa kwa koleo akayapanga juu ya mfuniko, ya chini akayapunguza mpaka yakabaki machache, akakunja mikono.

Nikauliza kama hatuchungulii. "Acha muchele, mwana yangu. Iko najua kazi yake."

Watu hudhani ukali wa chakula ni wingi wa pilipili, na kwenye migahawa ya barabarani hupondwa kwa mkono mkubwa mpaka huwezi kusema umekula samaki au mbuzi. Pilipili nzima ni ya mpishi anayejiamini. Mwisho huondolewa kwa kikonyo, ikawekwa kwenye kisahani mbele ya baba, na anayetaka moto wa kweli huipasua mwenyewe na kuchukua dhambi zake.

Ukoko niliungoja tangu mwanzo, sifichi. Katika sufuria yenye mafuta mengi ukoko huwa kitu cha kukaanga, unavunjika vipande vipande na unateleza. Huu ulikuwa mwembamba, mkavu, wa rangi ya udongo wetu, ukabanduka kwa ukucha kama mama alivyotaka ubanduke, pembeni kwanza. Ulikuwa na moshi wa samaki, utamu wa vitunguu, na uchungu kidogo pale makaa yalipozidi. Katika kambi nilikokulia Likasi ukoko ulikuwa na sheria. Aliyewasha mbabula ndiye mwenye ukoko, si mkubwa wala si mgeni. Kuna asubuhi tuliamka gizani tukigombea kiberiti, na mama zetu wakapata moto bila kutuma mtu. Nyumbani kwa mama huyu sheria ipo bado, lakini siku ile hakuna mtoto aliyekuja kudai. Walikuwa wamewasha simu.

Ninasema hivi nikijua hoja ya upande wa pili. Binti anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hana nusu saa ya vitunguu. Makaa yamepanda bei kwa sababu miombo imekatwa, na mti unaotafutwa leo uko mbali na mji kuliko ule wa jana. Kumwambia mtu huyo akae anyunyizie maji ni kumtukana. Ninachokataa ni kiburi cha kusema kwamba kile kinachopikwa haraka ni kile kile. Wajukuu wa mama wako Lubumbashi, wanampigia simu kuomba muchele mwekundu. Wanauliza dakika ngapi kwa mchele kukauka, yeye anajibu "mpaka ulie". Wanacheka. Wanauliza kama wanaweza kutumia nyanya ya kopo. Anasema wanaweza. Hana nguvu ya kugombana kwa simu, na salio ni lake.

Kuna jambo moja ambalo ufundi wake hauliwezi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga, wakakuta wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha wana kobalti mwilini kwa wingi wa kutisha. Watafiti waliopima samaki wa Tshangalele, ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha chini ya Likasi, wamekuta shaba na kobalti ndani yao. Tshangalele ndiko walikotoka samaki wa utoto wangu. Tumejifunza kupunguza mafuta, chumvi tumeipunguza, dokta ametusifu. Shaba na kobalti hazipunguzwi kwa mwiko, hazichujwi kwa kitambaa, wala samaki habadiliki sura ukajua.

Siku hizi mama anamuuliza muuza samaki sokoni samaki wake wametoka wapi. Wakati mwingine hakuna wa moshi kabisa, kuna tomson wa kugandishwa tu, na tomson hatoi supu ya muchele mwekundu hata umbembeleze. Wa moshi wakiwepo, muuzaji hujibu "ya Bukama", maana Bukama iko upande wa Upemba, na anajua ndilo jibu linalotakiwa. Mama humgeuza samaki, humnusa chini ya mkia, huangalia moshi umeingia kiasi gani. Kisha hupatana bei.