Kuifuata 7: jinsi sudoku rahisi inavyotatuliwa

Anayeanza kucheza sudoku huchagua kisanduku kitupu, mara nyingi kile cha juu kabisa kushoto, kisha hujiuliza: humu inaingia namba gani? Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ili alijibu, inabidi aondoe namba nane kati ya tisa, akikagua mstari mzima, safu nzima na boksi zima la visanduku tisa. Akikwama, anahamia kisanduku cha jirani na kuanza upya. Haupiti muda anaamua kwamba mchezo huu ni wa watu wa hesabu. Sivyo. Humu hakuna kujumlisha wala kutoa. Howard Garns, msanifu majengo wa Marekani anayetajwa kuwa ndiye aliyeubuni, na ambaye mafumbo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1979, angeweza kutumia herufi tisa na mchezo ukabaki uleule.

Swali linalomfaa anayeanza ni jingine: namba hii inakaa wapi?

Tuifuate 7 katika mistari mitatu ya juu. Tuseme boksi la kushoto lina 7 kwenye mstari wa kwanza, na boksi la katikati lina 7 kwenye mstari wa pili. Boksi la kulia bado halina. Kwa kuwa namba hairudiwi katika mstari, 7 ya kulia haina budi kukaa mstari wa tatu, penye visanduku vitatu. Cha kati kina 2 tayari. Cha mwisho kimo katika safu ambayo chini yake kuna 7 nyingine. Kimebaki kimoja, na jibu ni hilo. Tumeangalia namba nne tu kwenye fumbo zima.

Usiondoke hapo upesi. Mstari wa tatu ulikuwa na mapengo matatu; sasa yamebaki mawili, na zinazokosekana ni 1 na 4. Pengo mojawapo liko boksi la kushoto, katika safu ambayo tayari ina 1. Basi hapo ni 4, na lile jingine ni 1. Mzoefu atasema 4 ingepatikana hata kabla ya 7, maana boksi la kushoto lilikuwa na 7 yake tangu mwanzo. Ni kweli, lakini jicho la anayejifunza huliona pengo la namba mbili mapema kuliko la namba tatu. Ndiyo maana kila namba mpya inastahili kukaguliwa pande zote: mstari wake, safu yake, boksi lake.

Kubahatisha ndiko kunakoharibu kazi. Namba ya kubahatisha haigombi papo hapo; hukaa kimya, ikazaa nyingine tano au sita, na mgongano ukatokea upande wa pili wa fumbo, mahali ambapo huwezi tena kujua kosa lilianzia wapi. Wala hakuna haja, kwa sababu fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye namba 16 za kuanzia haliwezi kuwa na jibu moja pekee. Kima cha chini ni 17. Mafumbo ya wanaoanza hupewa nyingi zaidi, ingawa wingi wake si kipimo kamili cha urahisi: cha maana ni hatua zinazohitajika.

Njia hii ya kuifuata namba moja hukwama pale namba inapobakiza visanduku viwili ndani ya boksi. Tuseme 5 ya boksi la kushoto katikati inaweza kukaa visanduku viwili, vyote vya mstari wa tano. Hujui ni kipi, lakini 5 ya mstari huo imo ndani ya boksi hilo. Futa 5 katika visanduku vingine vyote vya mstari wa tano, kisha kaitafute tena katika boksi la kulia.