Istilahi za Sauti Mbili: Uhakiki wa Santuri ya Ballad of the Broken Seas

Wafasiri na walimu wanaoandika kwa Kiswahili juu ya muziki wa kigeni hukabiliwa na uhaba wa istilahi, na aghalabu hutumia neno lililo karibu bila ya kulipima. Tumeonelea tuyapime baadhi ya maneno hayo kwa kuihakiki santuri moja, au albamu kama isemwavyo siku hizi.

Ballad of the Broken Seas ilitolewa mwaka 2006, ina nyimbo 12, na mwaka huo huo iliteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury nchini Uingereza. Waimbaji wake ni wawili. Isobel Campbell ni Mskoti wa Glasgow, mpigaji chelo, aliyekuwa zamani katika kundi la Belle and Sebastian. Mark Lanegan, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa Mmarekani wa jimbo la Washington na mwimbaji wa kundi la Screaming Trees. Sauti ya mwanamume ni nzito na yenye mikwaruzo. Ya mwanamke ni nyembamba, karibu na mnong'ono. Nyimbo zenyewe zimejaa giza: upweke, kutangatanga, na mapenzi yenye hatari.

Swali la kwanza ni juu ya bluzi. Wapo waitao bluzi "nyimbo za huzuni". Hatukubaliani nao. Mbolezi nayo ni ya huzuni, wala si bluzi. Bluzi, iliyoanzishwa na Wamarekani Weusi wa kusini, ina umbo lake: mara nyingi mishororo mitatu, wa pili ukirudia wa kwanza, pamoja na noti fulani zinazoteremshwa kidogo. Santuri hii si bluzi halisi. Imechanganya nyimbo za jadi za Uskoti na muziki wa mashambani wa Marekani, ukiwamo wimbo wa Ramblin' Man wa Hank Williams. Kwa hiyo ni sahihi kusema ina ladha ya bluzi. Mwenye neno "huzuni" peke yake hawezi kuibainisha tofauti hii.

Swali la pili ni zito zaidi. Tuuiteje uimbaji wa watu wawili? "Majibizano" yatukumbusha ngonjera, ambamo watu hushindana kwa hoja. "Kuitikia" kwatukumbusha taarab, ambamo mwimbaji hutangulia na waitikiaji hukipokea kibwagizo. Kwa kuwa sauti ya Lanegan ndiyo inayotawala sikio, mhakiki atashawishika kuandika kwamba mwanamume anaimba na mwanamke anamwitikia. Atakuwa amepotosha ukweli. Campbell ndiye mtunzi wa nyimbo nyingi na ndiye mtayarishaji wa santuri. Lanegan alitunga Revolver tu. Hivyo neno moja lisilopimwa lamfanya mwenye kazi aonekane msaidizi katika kazi yake mwenyewe.

Twapendekeza "wimbo wa sauti mbili" liwe jina la jumla. Pale wanapoimba kwa zamu, kama katika The False Husband, tuseme "wanapokezana". Pale wanapoimba maneno yale yale kwa pamoja, tuseme "sauti zinaandamana". "Mwitikiaji" abakie kuwa yule anayeitikia kweli.

Ama kuhusu ubora wake, santuri hii inastahili sifa. Campbell hashindani na mwenzake kwa nguvu. Aliziandika nyimbo akijua uzito wa sauti ile, akajiwekea nafasi nyembamba juu yake. Kasoro yake ni kwamba mnong'ono huo mara nyingine hufifia hata maneno yakapotea, na tofauti ya sauti ikawa mazoea badala ya maana.

Twawaomba walimu watakaoisikilizisha darasani wawaulize wanafunzi kwanza ni nani anayesikika, kisha ni nani aliyetunga. Majibu mawili hayo yahitaji maneno mawili.