Tarakimu 20 za LUKU na somo lake kwa watengeneza tovuti

Sisi tunaotengeneza tovuti tuna ugonjwa mmoja: biashara isiyo na tovuti tunaihesabu kuwa haiko mtandaoni. Pita Kijenge, Sakina au Unga Limited hapa Arusha uone hesabu hiyo inavyogoma. Fremu ya saluni haina tovuti, na ukutani kuna picha ya msuko tu, tena ya mtu asiyejulikana. Lakini mlangoni pamebandikwa lipa namba, miadi inapangwa WhatsApp, na umeme unaozungusha draya umenunuliwa kwa simu dakika chache zilizopita. Mwenye saluni anatumia huduma tatu za mtandaoni kabla ya saa nne asubuhi bila kumlipa mtu kama mimi hata senti. Kati ya hizo tatu, ile ya umeme ndiyo iliyosanifiwa kwa akili zaidi. Inaonyesha kwamba huduma inayodumu katika mazingira yetu ni ile inayoisha kwa namba ambayo mtu anaweza kuibeba mwenyewe, mtandao ukiwepo au usiwepo.

Mita ya kawaida ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, haina laini ya simu wala intaneti. Haikujui jina, haijui kama umelipa, na shirika la umeme, Tanesco, hawana namna ya kuisemesha kutoka ofisini. Fundi wa kuchomelea akiishiwa umeme geti likiwa nusu, anabonyeza *150*00# ya malipo kwa simu, anaingiza namba ya mita, analipa elfu kumi, na ujumbe unarudi na tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo, zilizofichwa kwa ufunguo wa mita ile moja tu, mna kiasi cha uniti, dakika ambayo umeme ulitolewa, na hesabu ya uhakiki ya kugundua kosa. Mita inazifungua, inahakikisha hazijawahi kutumika, kisha inaongeza uniti. Anayesafirisha data kati ya seva na mita ni fundi mwenyewe, kwa kidole. Ndiyo maana mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwanunulia umeme wapangaji wake wa Sakina na kuutuma kwa WhatsApp, au kuusoma kwa simu wakati mtoto anaandika nyuma ya daftari la hesabu. Njia zote hizo ni halali. Mfumo haujali namba imefikaje, mradi imefika nzima.

Uimara wa usanifu huu ulipimwa mwaka 2024. Katika kiwango cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini na kinachotumiwa na mita hizi, muda huhesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na umetengewa biti 24. Hizo zinatosha dakika 16,777,216 na si zaidi, kwa hiyo hesabu ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo ingerudi sifuri, na mita ambayo haijaandaliwa ingeuona kila umeme mpya kuwa wa zamani na kuukataa. Programu ya simu ungeiambia ijisasishe usiku watu wakiwa wamelala. Mita iliyoko kwenye mashine ya kusaga Ngaramtoni utaiambiaje? Kutuma mafundi nyumba kwa nyumba nchi nzima kungekula miaka. Dawa ikawa kwamba mteja akinunua umeme kwa mara ya kwanza katika zoezi hilo, anapata makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yanaipa mita ufunguo mpya, ili tarakimu za zamani zisije zikafufuka saa ikianza upya, na la tatu ndilo umeme wenyewe. Mamilioni ya wateja wakageuzwa mafundi wa mfumo bila semina. Ninachokivulia kofia zaidi ni kwamba sasisho lilipandishwa juu ya jambo ambalo mteja angelifanya tu. Hakuna haja ya kampeni ya kumshawishi mwenye saluni aingize namba wakati mteja ana dawa kichwani na draya imezima.

Mtu atasema tarakimu 60 ni mateso, hasa kwa mzee mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja. Ni kweli, na ukikosea mpangilio wa makundi mita inakukatalia. Ila tazama kinachotokea ukikosea tarakimu moja: hakuna. Umeme hauendi kwa jirani wala pesa haipotei, unarudia tu. Urefu unaudhi, lakini kinachomuumiza mtu ni namba isiyojihakiki.

Serikali nayo ilichukua njia ya namba ilipoanzisha mfumo wake wa malipo wa GePG mwaka 2017. Namba ya malipo ya mfumo huo, kontrol namba, ina tarakimu 12 zinazoanza na 99, na kazi yake kubwa ni kutenganisha kuandaa ankara na kulipa. Mhasibu wa kampuni ya utalii anaandaa ankara ya serikali akiwa ofisini Njiro, na bosi wake analipa kwa benki au kwa simu akiwa njiani Usa River. Bando likikata katikati, namba haikatiki. Linganisha na ukurasa wa kulipia kwa kadi unaoganda baada ya kubonyeza "lipa": umelipa au hujalipa? Ukibonyeza tena utakatwa mara mbili? Ukurasa huo unadhani mtandao hautaondoka mpaka kazi iishe, na dhana hiyo haifiki mbali ukiondoka mjini kupandisha miteremko ya Meru.

Pingamizi zito zaidi ni la matapeli. Nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ina sababu ya kuogopa huduma zinazoendeshwa kwa namba. Lakini ujumbe ule unafanya kazi kwa sababu namba ya simu inapokea kiasi chochote, kutoka kwa yeyote, kwa sababu yoyote. Tarakimu za LUKU ukiziiba hazikufai kitu, maana zinafungua mita moja tu. Kontrol namba huonyesha jina la taasisi kabla hujaweka namba ya siri, na lipa namba huonyesha jina la biashara. Namba iliyofungwa kwa mahali na kusudi moja inampunguzia tapeli nafasi, ingawa anayebonyeza bila kusoma jina hakuna usanifu utakaomsaidia.

Kuna mahali hoja yangu inaishia, na Arusha panaonekana wazi. Mgeni wa Ujerumani anayetaka kupanda Meru kupitia Momella hana laini ya hapa, na *150*00# kwake ni michoro. Huyo anahitaji tovuti, kadi, na mtu wa kumjibu barua pepe kabla hajalala. Kampuni za utalii zina haki ya kutulipa kwa kazi hiyo. Kosa letu ni kuchukua tovuti ya mgeni huyo, kubadilisha picha ya twiga kuwa picha ya msuko, na kumuuzia mwenye saluni ambaye wateja wake wote wanatembea kwa miguu kutoka Kijenge hiyo hiyo.

Akiitaka kweli, tovuti yake ningeianzia kwenye namba ya miadi: tarakimu sita, zimeandikwa tatu tatu, bila herufi O ya kuchanganywa na sifuri, ya mwisho ikiwa ya uhakiki, zikitumwa kwa SMS mteja akishachagua saa. Akifika anaitaja, hata simu ikiwa imezima chaji. Picha za misuko zitapakiwa baadaye, bando likiruhusu.