Steringi, Adui, na Swali la "Wa Nani?": Mabishano ya Watazamaji wa Michezo ya Magenge huko Bariadi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuuanza uhakiki wa tamthilia kwa maneno waliyoyapata darasani: mhusika mkuu, mhusika mpinzani, msuko, dhamira. Maneno hayo ni mazuri na yana kazi yake. Walakini liko kundi jingine la wahakiki, kubwa kuliko hilo, ambalo halikuyasoma maneno hayo wala halikuyahitaji, nalo hukutana jioni penye mabenchi ya mbao na televisheni moja. Mji wa Bariadi ni mahali pafaapo kulitazama kundi hilo. Mji huo ulikuwa wa Mkoa wa Shinyanga mpaka ulipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, na kama miji mingine ya Usukumani una mabanda yake ya video. Mwezi Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa na fedha kuanza kuzunguka, kiingilio si shida. Mtu hulipa kidogo akaingia. Akitoka hutoka na deni la maneno: kwa nini yule bwana alimwua mwenziwe, na kesho yatampata yapi.

Kubishana mbele ya hadhira si jambo geni kwa Wasukuma. Vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vimeshindana kwa vizazi kadha wa kadha, na hukumu ya mashindano hayo hutolewa na watazamaji wenyewe kwa miguu yao: wanapokimbilia wengi ndipo penye ushindi. Banda la video limebadili kitu kimoja tu, kwamba hukumu sasa hutolewa kwa ulimi.

Yapasa kwanza kueleza namna mchezo wenyewe unavyofika masikioni. Sinema ya kigeni ionyeshwayo bandani, hali kadhalika mchezo wa mfululizo ambao vijana huuita sizoni, aghalabu imekwisha kutiwa sauti ya mtafsiri, ambaye huipunguza sauti ya asili na kuzungumza juu yake tangu mwanzo hata mwisho. Katika Tanzania kazi hii ilipata sifa kwa Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, na wengi wamemfuata. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, katika makala yake ya mwaka 2012, aliifananisha kazi hiyo na kuugeuza mchele kuwa pilau. Mfano huo ni wa kweli, ila pilau ina viungo, na kiungo kikubwa cha mtafsiri ni nia ya mhusika. Mwigizaji hutazama dirishani akanyamaza, mtafsiri hanyamazi. Atasema, "Hapo anawaza namna ya kulipa kisasi," na mtazamaji hupewa jibu kabla hajapata swali. Ingedhaniwa basi kwamba mabishano juu ya nia hayatakuwako. Sivyo. Watazamaji hubishana na mtafsiri pia, na si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba huyu anayetafsiri ametudanganya, uso wa yule bwana hausemi hivyo.

Katika mabishano hayo maneno mawili ndiyo nguzo: steringi na adui. La kwanza limetoka katika neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa mbele ya jina la mwigizaji mkubwa katika matangazo ya sinema. Kiswahili kimelipokea na kulitia katika ngeli ya watu, nalo limepata maana ambayo Kiingereza hakikuipa. Steringi si mwigizaji, wala si mhusika mkuu tu. Ni yule asiyeweza kufa. Kanuni ya banda yajulikana na watoto wadogo: steringi hafi. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba hawasemi "steringi hatakufa". Hatakufa ni utabiri, nao waweza kukosea. Hafi ni sheria, kama vile mtu asemavyo kwamba maji hayapandi mlima. Kwa sababu hiyo, katika sinema ya kawaida ya mapigano hakuna utabiri hasa. Liko swali moja tu, yaani steringi ni yupi, na likijibiwa katika dakika kumi za mwanzo yaliyobaki ni kungoja namna atakavyopona. Riwaya za Kiswahili za upelelezi zilimlea msomaji katika sheria hiyo hiyo: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hakuna anayekifungua kitabu cha Willy Gamba kwa hofu ya kumzika.

Neno la pili ni la Kiswahili cha zamani, na badiko lililolipata ni kubwa zaidi ijapokuwa halionekani upesi. Katika lugha ya kawaida adui hana budi kuwa adui wa mtu fulani. Ni neno la uhusiano, kama ndugu au jirani. Mtu hawezi kuwa jirani peke yake. Bandani neno hilo limekatwa mkia. "Adui kaingia," husemwa, wala hapana aulizaye adui wa nani, kwa kuwa adui wa steringi ni adui wa wote waliokaa mabenchini. Aliyekata mkia huo ni hadhira yenyewe, iliyojiweka upande mmoja kabla mchezo haujaanza.

Sasa unaletwa mchezo wa genge, na nguzo zote mbili hutikisika. Katika *The Godfather* (1972) na sehemu yake ya pili (1974), na katika *The Sopranos*, sizoni ya David Chase iliyoonyeshwa Marekani tangu Januari 1999 hata Juni 2007 kwa vipindi 86, mtu anayefuatwa na kamera ndiye mwuaji. Akiitwa steringi, basi adui ni nani? Ni polisi? Ni mkuu wa genge jingine, ambaye hana ubaya zaidi ya wake? Hapo ndipo mkia uliokatwa hudaiwa tena. Mtu akisema "adui kaingia", mwenziwe humwuliza, "Adui wa nani?" Swali hilo dogo ndilo mwanzo wa uhakiki. Madhali adui ni wa fulani, yapasa kujua fulani ataka nini, na kwa nini, na kama anachotaka ni haki yake.

Sarufi ya mabishano nayo hubadilika. Hafi huondoka, nafasi yake ikashikwa na atakufa, na huenda akafa, na zaidi ya yote maneno yenye -nge- na -ngali-. Michael Corleone, mathalan, anamngojea mama yake afe ndipo amwue Fredo, ndugu yake wa tumbo moja aliyemsaliti. Kijana hutetea: msaliti ni msaliti, angaliachwa angalisaliti tena. Mzee hujibu: kama kosa lilistahili kifo, asingengoja mama azikwe, amengoja kwa sababu alijua hana haki. Hoja hii ya mzee ni nzuri kuliko nyingi zilizochapishwa juu ya sinema hiyo, kwani yaisoma nia katika mpango wa matukio na si katika uso wa mwigizaji wala katika maneno ya mtafsiri.

Liko jambo moja ambalo mtafsiri hana budi kulichagua, na akilichagua vibaya huharibu mchezo mzima, nalo ni majina ya ukoo. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakina ruhusa hiyo, wala Kisukuma. Katika *The Sopranos* yumo mzee aitwaye Junior, ambaye Tony humwita kwa neno hilo moja la Kiingereza. Mtafsiri wa haraka atasema "anko" au "mjomba", naye atakuwa amekosea, kwa maana Junior ni ndugu wa marehemu baba yake Tony, tena mkubwa. Ni baba mkubwa. Makosa haya si ya kamusi tu. Katika mwaka wa kwanza wa sizoni hiyo Junior hukubali Tony auawe. Mjomba akitaka kumwua mpwawe, mtazamaji wa Bariadi ataona kitendo kisicho na maana, karibu cha wazimu, na atatafuta sababu mbali: labda fedha, labda amerogwa. Baba mkubwa akifanya hivyo, sababu iko wazi. Kiti cha mkuu wa genge kimebaki wazi, yeye ndiye mwenye umri, na kijana amempa cheo cha jina huku akitawala mwenyewe kwa nyuma. Huo ni ugomvi wa urithi, na hakuna ukoo Usukumani usioufahamu. Neno moja la ukoo laweza basi kuipa nia au kuinyima, na mtafsiri anayeongeza sentensi kumi za kueleza moyo wa Junior huku akimwita mjomba amefanya kazi ya bure.

Mambo yawa magumu zaidi kwa Christopher, ambaye Tony humwita mpwa na hatimaye humwua kwa mkono wake baada ya ajali ya gari. Baba yake Christopher alikuwa binamu wa Carmela, mke wa Tony. Kwa hesabu ya Kiswahili Carmela ni shangazi wa kijana huyo na Tony ni mume wa shangazi. Wamarekani walibishana kama Tony alimpenda kijana huyo kama mwanawe. Mtazamaji ahesabuye ukoo angeuliza kwanza kama alikuwa na damu naye hata kidogo.

Liko pia jambo la Usukumani hasa. Mapema katika miaka ya 1980 ulitokea katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ulinzi wa sungusungu, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na kuona kwamba polisi na mahakama hawawafai. Ulikuwa na siri zake, na adhabu yake kali ilikuwa kumtenga mtu asishirikiane na yeyote kijijini. Na mkuu wake aliitwa ntemi, jina la watawala ambao utawala wao ulikuwa umefutwa mwaka 1963. Baadaye serikali iliukubali. Basi *The Godfather* inapoanza na mzika maiti anayekuja kwa Don kuomba haki, kwa kuwa vijana waliompiga binti yake wamepewa na mahakama kifungo cha nje, mtazamaji wa makamo wa Bariadi hahitaji kuelezwa. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wameandika mengi juu ya utamaduni wa Sicilia ili kulifafanua tendo hilo. Yeye amewahi kuishi karibu nalo. Walakini haimfuati Don moja kwa moja, na hapa ndipo anapowapita wengi. Sungusungu walikuwa wakikutana mbele ya watu wa kijiji, na walisimama dhidi ya wezi. Don hana mkutano, naye ndiye mwizi. Swali lake ni fupi: nani alimchagua? Kwa swali hilo heshima yote ya chumba chenye giza, paka mapajani na wageni wanaobusu mkono, hupunguka nusu.

Fasihi andishi ya Kiswahili ilikwisha kumzoeza msomaji mhusika mkuu afaye bila ushindi. Kezilahabi alifanya hivyo tangu *Rosa Mistika* (1971). Lakini Rosa hakuitwa steringi na mtu yeyote, na mitihani ya shule ilimfanya mali ya walimu. Sheria ya steringi ilibaki salama bandani, ikingoja mchezo wa genge.

Kipimo kikubwa cha sheria hiyo ni mwisho wa *The Sopranos*, ulioonyeshwa tarehe 10 Juni 2007. Tony yuko mkahawani na mkewe na mwanawe, kengele ya mlango yalia, anainua uso, na picha inakatika ghafula kuwa weusi mtupu, bila sauti. Huko Marekani wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Bandani watu wangegeuka kwanza kumtazama mwenye mashine, na kelele ya "umeme!" ingesikika hata barabarani. Mtafsiri naye angekuwa katika shida kuu, kwani hana wa kumsemea. Weusi hauna nia. Kisha, mwenye mashine akiisha kuapa kwamba hakugusa kitu, yangeanza mabishano. Wanaosema hajafa wangekuwa na sheria ya zamani mkononi. Wanaosema amekufa wangelazimika kuthibitisha neno gumu zaidi, kwamba kwa vipindi vyote 86 yule mtu hakuwa steringi.