Video yenye mozaiki: Full HD peke yake haimsaidii mkulima

Kuna video ya mafunzo juu ya mihogo inayozunguka katika magrupu yetu. Ni ya dakika 12, imetengenezwa na mradi mmoja ambao sitautaja, na watu wanaisifu juu iko Full HD. Mimi nasema hivi: kwa mkulima wa Walungu, video hii haionyeshi kile kitu anachohitaji kuona.

Tuanze na hesabu. Rezolusheni ni idadi ya pikseli katika picha moja. Full HD ni 1920 kwa 1080, ni kusema zaidi ya milioni 2. Bitireti ni kiasi cha data ambacho video inapewa kila sekunde. Wengi wanafikiri rezolusheni njo inaleta uzito wa faili. Hapana: uzito ni bitireti mara sekunde, kugawa kwa 8. Dakika 12 kwa megabiti 8 kila sekunde ni megabaiti 720. Nani kijijini atanunua mega za kutosha? Basi wakashusha bitireti mpaka megabiti 0.5, faili ikawa megabaiti 45, lakini Full HD wakaiacha palepale.

Hapa njo shida. Kwa picha 25 kila sekunde, picha moja inapata biti 20,000. Ni biti moja kwa pikseli mia moja hivi. Sisi waagronomu tunaelewa: ni kuchukua mbolea ya hektari moja na kuitawanya juu ya hektari kumi. Shamba ni kubwa, mavuno hakuna. Wangeshusha rezolusheni mpaka 640 kwa 360, kila pikseli ingepata mara tisa zaidi, na faili ingebaki na megabaiti zake 45.

Biti zikikosekana, programu inatupa kwanza vitu vidogo vidogo, na picha inavunjika vipande vya mraba kama vigae. Sasa angalia pale wanapolinganisha jani lenye mozaiki na jani lililoshambuliwa na utitiri wa kijani. Utitiri unaacha vidoa kama vya ncha ya sindano. Mozaiki inaleta mabaka na kukunja jani. Katika video, vidoa vimefutika, na vigae vimeweka mabaka ya uongo juu ya jani zima. Video yenyewe imeshikwa na mozaiki! Mama anayechagua miti ya kupanda ataona majani mawili yanayofanana. Atatupa miti mizuri, ao atapanda ile yenye virusi, na ugonjwa utaingia shambani pamoja na mbegu.

Kuna jambo lingine. Kwa dakika nne nzima mkurugenzi amekaa kwenye kiti anatoa hotuba. Picha isiyotembea haihitaji biti nyingi. Majani yanayopigwa na upepo ndiyo yanayozila, juu kila picha inabadilika. Lakini bitireti iliwekwa moja kwa yote, kwa hiyo tai ya mkurugenzi inaonekana safi kuliko jani la muhogo.

Ningefanya hivi: hotuba itoke, zibaki dakika 8. Jani lishikwe kwa mkono mahali pasipo na upepo, lijaze kioo. Halafu HandBrake, programu ya bure, ibane kwa 480p na bitireti inayobadilika, wastani megabiti 1. Faili itakuwa megabaiti 60. Ni 15 zaidi, lakini zinafundisha kitu. Ile ya kwanza, nzito, itunzwe kwa siku ya kuonyesha ukutani na projekta, juu kidoa kikishafutika hakirudi, hata ukipanua picha namna gani.

Wandugu tunaofanya vulgarisation, kabla ya kutuma video tuifungue kwanza kwenye simu ndogo, ile ya mkulima mwenyewe. Kama vidoa vya utitiri havionekani, hayo bado si mafunzo.